Mti Aliouahidi Papa Anaclet

Ijumaa ya tarehe 31 Oktoba 2025, Papa Anaclet Cirhuza anavua koti lake la kazi kwa mara ya mwisho, baada ya miaka ishirini na sita katika nyumba yetu ya wazee hapa Auderghem, jijini Brussels. Mkurugenzi atamsifu kwa Kifaransa, kabla ya keki. Sisi wa jikoni tumeombwa kuandika kwa Kiswahili katika programu hii ya sherehe, kwa sababu ukoo mzima unakuja kutoka Anderlecht, na wengine kutoka Liège, nao wanataka kujua baba yao alikuwa akifanya nini huku siku kutwa. Kazi hiyo nimetupiwa mimi, Carine, kwa kuwa dirisha la jikoni linatazama ukumbi wa chakula na hakuna kinachonipita. Wengine wanauita umbea. Mimi nauita udadisi, na ugonjwa huo niliambukizwa na mstaafu mwenyewe.

Papa Anaclet ni mtu wa Bukavu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko, vita vikamtoa pamoja na mkewe, Maman Marie-Jeanne, wakafika Brussels na mabegi mawili na watoto watatu. Machi 1999 alianza kwetu kwa kuosha vyombo. Jioni alikwenda kusomea kazi ya kuwahudumia wazee, na cheti kilipopatikana akapandishwa ghorofa ya pili, ambako amebaki hadi leo. Mimi nimetoka Lubumbashi, na kwa desturi sisi wa Katanga hatuwasifu watu wa Kivu bila sababu nzito, kwa hiyo msomaji ajue kwamba ninayoyasema hapa yamepimwa.

Wiki yake ya kwanza ghorofani aliingia matatani. Aliwaita wazee "papa" na "maman", kama alivyolelewa, na mkurugenzi wa wakati ule akamwita ofisini kumweleza kwamba hapa ni Monsieur na Madame. Papa Anaclet akatii. Baada ya siku chache wazee wenyewe wakalalamika: mbona yule bwana mpole amewakasirikia? Wamemkosea nini? Ikabidi mkurugenzi amwite tena na kumwomba arudie ya zamani. Tangu hapo ghorofa ya pili ina akina papa na akina maman, hata wale Wafalamani, Wabelgiji wa kaskazini wenye sura ngumu, na atakayeita vinginevyo wanamtazama kwa mashaka.

Jambo la pili ni maswali yake. Mzee akigoma kuoga, sisi wengine tunabembeleza, tunatisha kidogo, tunaita msaada. Papa Anaclet anauliza. Tulikuwa na mzee mmoja aliyefuga njiwa wa mashindano, mkali kuliko pilipili ya Matonge, mtaa wetu Wakongo hapa Brussels, asiyekubali kuguswa na mtu. Papa Anaclet akamuuliza: njiwa akipelekwa mbali ndani ya sanduku, haoni njia, anajuaje kurudi kwake? Jibu lilipofika mwisho mzee alikuwa ameshaoga, amenyolewa ndevu na amevaa soksi. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, waliosema hivyo walisema kweli, ila siku ile supu yangu ilipoa na sikufurahi hata kidogo.

Lakini kisa ambacho ukoo wote unakidai, na ambacho kila mtu anakisimulia kwa kutia chumvi yake, ni kile cha mti. Nimeamua kukiandika kama kilivyokuwa, maana nilikiona kwa macho yangu na pale nisipokuwapo niliuliza.

Mwaka 2019, miti ilipoanza kuchipua, alikuja kwetu Madame Lambrechts, mjane asiye na watoto, aliyekaa karibu maisha yake yote mitaa michache tu kutoka hapa. Alikuja kujaribu siku moja, na tayari uso wake ulisema hatarudi. Macho yake yalikuwa yamefifia, aliona vivuli tu, na ngazi za nyumba yake zilikuwa zimemwangusha mara kwa mara. Hata hivyo alikataa supu, alikataa kahawa, alikataa kuvua koti. Papa Anaclet alikaa karibu naye akamuuliza ni kitu gani cha nyumbani ambacho hakiwezi kuja huku. Yule mama akasema: mti wangu.

Ulikuwa mti mdogo wa Kijapani ambao Wabelgiji huuita érable. Kimo chake kilikuwa cha kufika kiunoni, majani yake membamba yamegawanyika kama vidole vya mtoto mchanga, ya kijani wakati wa kiangazi na mekundu kabisa kabla ya kuanguka. Alikuwa ameukuza kwenye chungu kipana katika bustani yake miaka mingi, akiukata matawi kila mwaka ili ubaki mdogo. Nyumba yetu haina nafasi ya mti. Korido lazima ziwe wazi kwa ajili ya moto, na vyumba havina roshani. Ndipo Papa Anaclet aliposema kwamba yeye ana bustani ndogo nyuma ya nyumba, kule Anderlecht. Atautunza, na kila mwaka majani yakishakuwa mekundu atauleta hapa. Madame Lambrechts akauliza kitu kimoja tu: mti ukiwa hai? Akajibiwa: ukiwa hai. Wiki iliyofuata alihamia kwetu, na jioni ya kwanza alikula sahani nzima.

Basi mti ukaenda Anderlecht kwa metro. Papa Anaclet aliazima kigari cha kubebea nguo, akauweka ndani, akapanda laini ya 5 ambayo kwa bahati yetu haina haja ya kubadilisha. Kuna abiria waliouliza kama mti nao unalipa nauli. Nyumbani alichimba shimo, akakizamisha chungu ardhini hadi ukingoni ili upepo usikiangushe, na mti ukaonekana kama umeota hapo hapo. Alitupigia picha. Ulikuwa umependeza sana.

Julai ya mwaka ule wote tunaikumbuka. Joto lilikaribia digrii arobaini, tukawagawia wazee maji na barafu kutwa, na mimi nikafuta supu kwenye mpango wa chakula kwa mara ya kwanza. Siku hizo ndipo majani ya mti yalipoanza kuwa kahawia pembeni. Kisha yakajikunja. Kisha yakaanza kuanguka, wakati hata likizo za shule hazijafika katikati.

Kila asubuhi Madame Lambrechts aliuliza: mti wangu haujambo? Papa Anaclet, ambaye uongo haujui hata wa kusema chakula ni kitamu, alijibu kwamba unaona joto kama sisi. Mwanzoni mwa Agosti nilimwona anaanza zamu yake kutoka upande wa pili wa korido, ili chumba cha yule mama kiwe cha mwisho. Nilijua hapo kwamba maji yamemfika shingoni. Yule mama alikuwa ameacha nyumba yake kwa neno lake, na hakuwa na mtu mwingine wa kumwahidi kitu. Ahadi ni deni, na hili lilikuwa linamnyima usingizi.

Chumba chetu cha mapumziko kikageuka bunge. Mimi nililaumu maji ya bomba ya Brussels, yanayojaza chokaa ndani ya birika. Papa Anaclet akaweka pipa la kukingia maji ya mvua, na mvua yenyewe haikunyesha. Cédric, fundi wetu wa nyumba, alikuwa na dawa fupi zaidi. Alikwisha kuona mti wa aina ile ile, wa kimo kile kile, kwenye duka la miti. "Tonton, kamata ule ingine tu," alisema. "Ataona nini? Donc, hata macho hana." Tulicheka, lakini tulikuwa tunamtazama Papa Anaclet, maana shauri lenyewe halikuwa baya na kila mmoja wetu alikuwa ameliwaza.

Papa Anaclet alikunja gazeti lake polepole. "Cédric, nilimuambia huu muti hapa," akasema. "Sikumuambia muti fulani."

Jioni ile alikwaruza gome kwa ukucha, akaona rangi ya kijani chini yake. Kwa hiyo mti ulikuwa bado hai. Sasa akawa na swali la kweli: kama haujafa, ni nini kinachouua? Aliuliza kila mtu, hata dereva wa gari la mikate. Mwishowe akaenda kuuliza msitu. Msitu wa Soignes tuko karibu nao, na saa ya mapumziko ya mchana aliingia humo, akapiga magoti chini ya miti mikubwa, akatumbukiza mkono kwenye majani makavu yaliyolala ardhini. Juu palikuwa na joto. Chini, kiganja kilipozama, palikuwa baridi na unyevu, kana kwamba mvua ilinyesha jana. Vijizizi vyembamba kama nywele vilikuwa vimetambaa humo humo, juu juu, karibu kabisa na hewa. Alirudi na tope hadi kwenye kiwiko, na muuguzi mkuu akamfokea mbele ya wageni. Hakusikia neno. Alikuwa ameshajua muuaji ni nani, na alikuwa anafikiria jinsi ya kurudi nyumbani kumwambia.

Wageni wetu ambao hawakulelewa kwetu inabidi niwaeleze. Mwanamke wa Bukavu, na wa Lubumbashi pia, huamka na kufagia uwanja, ule tunaouita parcelle. Hafagii takataka tu. Anafagia mpaka udongo unabaki mtupu, umechorwa mistari ya ufagio, ili nyoka asipate pa kujificha na mgeni aone kwamba hapa wanaishi watu wenye akili timamu. Maman Marie-Jeanne amelifanya hilo kila asubuhi ya maisha yake, na Ubelgiji haikumzuia. Ufagio wake mfupi wa chelewa aliununua kwenye duka moja karibu na Galerie d'Ixelles, na alipoletewa mti, akaufagilia vizuri pia. Majani makavu yote akayatoa. Vipande vya magome ambavyo Madame Lambrechts alikuwa ametandaza ndani ya chungu akavitoa. Ile mimea laini ya kijani iliyofunika udongo kama zulia akaikwangua mpaka ikaisha, maana aliiona ni uchafu wa mtu asiyeona vizuri. Udongo ukabaki wazi, jua la Julai likaingia moja kwa moja kwenye zile nywele. Na Papa Anaclet alipita hapo kila siku bila kuona kosa lolote, kwa sababu uwanja ulikuwa kama wa mama yake.

Alijaribu njia yake ya kawaida. "Marie-Jeanne," akauliza juu ya msitu ule, "mu forêt nani anafagiaka?"

"Mu forêt hakuna mugeni anakuyaka," alijibiwa. "Parcelle yenye haifagiliwe ni ya batu benye matanga, ao ya batu benye kuhama. Wewe unataka batu baseme tulihama?"

Mwisho wa swali. Siku mbili sombe, majani ya muhogo, ililetwa mezani bila chumvi. Siku ya tatu Papa Anaclet aliacha kuzungumzia mti akamzungumzia mwenye mti: macho yake, koti alilokataa kuvua, na lile swali la kila asubuhi. Maman Marie-Jeanne alisikiliza huku akichambua maharagwe. "Ule maman iko na batoto?" aliuliza. Alipoambiwa hana hata mmoja, akarudi kwenye maharagwe yake.

Asubuhi aliamka kama kawaida akashika ufagio. Alifagia bustani yote, alifagia njia, alifagia hata mbele ya mlango wa jirani ambako majani ya mti wa barabarani yalikuwa yameanza kudondoka kwa ukame. Lakini safari hii alifagia kuelekea kwenye mti. Alikusanya kila jani, akalipanga juu ya chungu na kukizunguka pande zote, akaacha nafasi ndogo kwenye shina ili gome lisioze. Kisha akaumwagia maji ya kuoshea mchele, taratibu, na akaenda kanisani. Nilipomuuliza baadaye kama ilimuuma, alisema iliuma sana, na kwamba wiki nzima alifunga pazia la dirisha la nyuma ili asilione lile lundo.

Mwisho wa Agosti vichipukizi vilitokeza. Havikuwa vingi. Upande mmoja wa mti ulibaki mtupu, ule mwingine ukavaa majani madogo madogo, na katikati ya Oktoba yakawa mekundu. Cédric alisema bado hatujachelewa kwenda dukani. Papa Anaclet akaazima tena kigari cha nguo.

Siku aliyouleta, hakuna aliyekuwa na kazi nyingine. Madame Lambrechts alikaa kwenye kiti chake ukumbini, tukauweka mti mbele yake juu ya meza. Hakugusa majani. Mkono wake uliteremka moja kwa moja hadi chini ya shina, vidole vikazunguka polepole, vikasimama mahali palipokuwa na kovu. Alituambia kwamba mumewe aliwahi kuuangushia baiskeli ulipokuwa mchanga, wakagombana mchana kutwa. "C'est lui," akasema. Ni wenyewe. Cédric alikuwa mlangoni, na ghafla akakumbuka kwamba kuna taa inayomsubiri ghorofa ya tatu.

Kisha vidole vikapanda juu, vikapapasa ule upande mtupu. Yule mama akauliza majani yako wapi. Papa Anaclet alimwambia yote, ufagio, uwanja, nyoka, wageni na siku mbili za sombe bila chumvi. Mimi machozi yalinitoka nikajifanya ni vitunguu. Madame Lambrechts alisikiliza mpaka mwisho, akaanza kucheka. Tangu aingie kwetu hatukuwahi kumsikia akicheka. Alicheka hadi muuguzi mkuu akatoka ofisini, halafu akatoa amri: aletewe huyo mwanamke anayefagia.

Maman Marie-Jeanne alikuja Jumapili baada ya misa, amevaa kitenge chake kizuri na amejiandaa kugombezwa. Alirudi Jumapili iliyofuata bila kuitwa. Mmoja hakuona, mwingine alidai Kifaransa chake kimeishia kwenye masoko ya Bukavu, lakini walibishana saa nzima kuhusu maji, kivuli na matawi ya kukata. Corona ilipofunga milango, simu ikachukua nafasi, na Papa Anaclet, ambaye siku zile hakukosa zamu hata moja, ndiye aliyeishikilia sikioni mwa yule mama huku mwenyewe akiwa amevaa barakoa mbili. Tulipoteza wazee wengi wakati ule. Alikaa na kila mmoja wao aliyeruhusiwa kukaa naye, na hilo hatutalisahau.

Ni Madame Lambrechts aliyewafundisha kupanda mbegu. Mbegu zenyewe zina mabawa, ukizirusha zinazunguka hewani, na hazioti mpaka ziamini kwamba majira ya baridi yamepita. Kwa hiyo zikakaa miezi ndani ya friji, kwenye mfuko wa mchanga wenye unyevu, ubavuni mwa samaki. Zilipoota, ajabu ikaanza: mmoja majani ya zambarau, mwingine ya manjano, mwingine membamba kama nyuzi, na hakuna mche uliofanana na mama yake. Papa Anaclet hadi leo anauliza kwa nini. Hiyo miche ndiyo iliyopo kwenye uwanja wetu wa nyuma, kwenye kivuli cha ukuta, na mmoja uko kwangu. Usione vyaelea, vyaundwa. Wangu unanitia wasiwasi kila Julai.

Oktoba 2022 mti uliletwa kama kila mwaka, umejaa majani pande zote mbili. Madame Lambrechts alikuwa hatoki tena kitandani. Tukiwa wote tumesimama pale, Maman Marie-Jeanne pia, na Papa Anaclet ameukumbatia mti kifuani, jasho linamtoka, yule mama alisema kwamba sasa anautoa, na kwamba ni wa Marie-Jeanne. Tulidhani amekosea jina. Papa Anaclet naye, kwa kuwa hawezi kujizuia, akauliza kwa nini, maana aliyeahidi si Marie-Jeanne.

Alijibu bila haraka. Alisema: wewe ulitimiza neno lako, na nakushukuru, lakini neno lilikuwa lako. Marie-Jeanne hakuniahidi kitu. Aliacha alichofundishwa na mama yake, kwa ajili ya mwanamke ambaye alikuwa bado hajamwona.

Maman Marie-Jeanne aliketi ukingoni mwa kitanda akamshika mkono, na sisi tukatoka mmoja mmoja. Februari iliyofuata Madame Lambrechts alitutoka, asubuhi, Marie-Jeanne akiwa pembeni yake.

Kwa hiyo ndugu wa ukoo, huyo ndiye baba yenu, na hiyo ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya. Tunamshukuru kwa kila mzee aliyemwita papa au maman na kumaanisha, kwa kila swali, hata yale yaliyopoza supu. Tutamkosa sana, na simwoni mtu wa kuziba nafasi hiyo. Mkurugenzi atampa zawadi na kumwambia kwamba sasa ni bwana wa muda wake. Tumuache aseme. Sisi tunajua kwamba Jumatatu asubuhi Papa Anaclet atatoka kwenye bustani ile ya Anderlecht na kumkuta mwenye mti ameshatangulia, naye atasimama kando kusubiri aambiwe la kufanya. Nenda salama, Papa Anaclet, uishi miaka mingi yenye afya na baraka. Na wewe, Maman Marie-Jeanne, tunakukabidhi mtu huyu ukijua tabia yake: usimpe kazi bila kumpa sababu, maana atauliza.